Mtamba wa Jino na Kadi ya Picha

Tulikuwa tumekaa chini ya turubai kule Balangdalalu, upepo unalipiga utadhani unataka kuling'oa na sisi ndani yake, na kijana mmoja mwenye suti iliyomzidi mabega alikuwa anasoma wasifu wa marehemu. Akasoma shule, akasoma ndoa, akasoma watoto na wajukuu, mimi nasinzia taratibu. Ndipo akafika hapa: "Marehemu Festo alijulikana zaidi kwa jina la Mzee Mkate, jina alilopewa kutokana na ukarimu wake, maana alipenda sana kuwagawia watoto mikate." Watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja mbele yangu akajifuta machozi kwa pindo la kitenge. Mimi usingizi wote ukaniruka. Ukarimu! Nilitaka kusimama palepale nimnyang'anye yule kijana karatasi yake. Lile jina nilimpa mimi. Nilimpa kwa chuki, mchana kweupe, kwa kipaza sauti, mbele ya watu na ng'ombe wa mnada wa Katesh, na miaka yote iliyofuata, kila nilipokutana naye, nilihakikisha namwita hivyo kabla hajaniwahi kwa salamu. Na siku hiyo ya maziko, ndani ya mkoba wangu, nilikuwa na kadi ya kompyuta iliyokufa zamani, nimeifunga kwenye leso. Nilikwenda nayo makusudi. Wakati wa kutupia udongo nilitaka niitupie na yenyewe, aende nayo huko, akaulizwe. Mniwie radhi. Mimi si mtu wa kusahau.

Mwaka ninaousema ulikuwa miaka michache baada ya Manyara kukatwa kutoka Arusha tukaitwa mkoa wetu wenyewe. Katesh ilikuwa imechangamka, kila mtu anafungua kitu: huyu saluni, yule duka la simu, mwingine kibanda cha kupiga picha za vitambulisho. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, naishi kwa shangazi yangu Mwajuma aliyekuwa anaoka mikate uani kwake. Chumba changu kilipakana na tanuri, ukuta mmoja ulikuwa na joto kutwa nzima, na majira ya baridi, upepo unaposhuka kutoka mlima Hanang na kukukata masikio, niliegemeza mgongo pale nikasoma huku nimejifunika kanga mbili. Kila kitu changu kilinukia mkate. Nguo, nywele, mto, hata daftari. Shangazi hakuwa na kipimo chochote cha moto. Alirusha unga kidogo ndani ya tanuri, akahesabu kimoyomoyo huku midomo inacheza. Unga ukigeuka kahawia upesi, huo ni moto wa skonsi, ukichelewa ni wa mikate. Sikuwahi kumwona anakosea. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa na ile mikate iliyoungua pembeni, isiyouzika, jioni tukala makande, na nikilalamika makande tena ananiambia, "Nenda kale hotelini, bibie."

Kwenye kozi ya kompyuta, chumba kimoja chenye mashine tatu na mwalimu mmoja mwenye kikohozi, nilikutana na Gida. Jina lake lote ni refu, mjini tulimwita hivyo tu. Alikuja siku ya kwanza kutoka Dirma na shuka lake na viatu vya matairi, fimbo akaiegemeza mlangoni kama watu wa kwao wanavyofanya, na wenzetu wakacheka. Baada ya mwezi hakuna aliyecheka, maana alikuwa anatupita sote. Mimi na yeye tulipomaliza kozi tukakubaliana kufungua chumba cha magemu. Vijana wa Katesh walikuwa wanapanda gari mpaka Babati kucheza mpira wa kwenye kompyuta. Sisi tutawaletea hapahapa. Chumba tulikipata, karibu na barabara ya kwenda mnadani. Kompyuta tuliipata kwa ofisi moja iliyokuwa inabadilisha vitu vyake. Tatizo likawa moja. Tulipowasha ule mchezo wa mpira, uwanja ulikuja mweusi, na wachezaji hawakuwa na vichwa wala miguu. Zilikuwa jezi tupu zinakimbia gizani. Gida akaangalia, akasema, "Zai, hawa ni mizimu. Nani atatulipa aje kuangalia mizimu?" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mashine ilihitaji kadi ya picha, kile kipande cha ndani kinachochora picha kwenye skrini, na sisi tulikuwa tumeishiwa.

Kwao Gida, mtoto akiota jino la kwanza baba yake humtengea ndama, na uzao wote wa ndama huyo ni wake mpaka anakufa. Wa Gida alikuwa amebaki mtamba mmoja tu, wengine walikufa kwa ukame: mwekundu, ana doa jeupe kwenye paja la kushoto. Akaniambia atamuuza. Nilimkatalia, nakumbuka vizuri kwamba nilimkatalia, lakini nilimkatalia mara moja tu. Baba yake alimpa maneno machache kabla hajamtoa zizini. "Mtamba wa jino ni mmoja. Ukimrudisha, karibu nyumbani. Ukimpoteza, usije kunywa maziwa ya ng'ombe wa wenzako." Gida alinisimulia hayo huku anacheka, nikajua hachekei kitu. Basi bajeti yetu ilikuwa hiyo: mtamba mmoja. Chumba kikishika, atanunua mwingine na kurudi kwao kifua mbele. Kisiposhika, hana pa kurudi.

Nilijitahidi, jamani. Nilikwenda Babati, nikakaa kwenye kibanda cha intaneti mpaka macho yakauma, nikaandika kila kitu kwenye daftari langu la kozi. Niliandika kwamba usidanganywe na ukubwa wa memori, kuna kadi ina memori nyingi na ni mzigo mtupu. Niliandika kwamba kadi kubwa inakula umeme mwingi, uangalie kwanza kama pawasaplai yako, kile kisanduku cha umeme, itaiweza. Niliandika, nikapiga na mstari chini yake: kadi iliyotumika, ujue ilitumikaje. Siku zilezile, nikiwa chumbani napiga pasi, nilimsikia shangazi uani anaongea na mtu: "Kiweke kwenye sinia la maandazi, usinigusie mikate. Unasema dakika ngapi? Kama skonsi? Haya." Mtu mwenyewe sikumwona, na sikuwa na sababu ya kutoka kumwangalia. Watu walikuwa wanamletea shangazi vitu vyao kila siku, huyu anakausha karanga, yule pilipili.

Duka la kompyuta Katesh lilikuwa moja, la fundi Festo. Alikuwa mwanamume wa makamo, kitambi kimeanza, kalamu sikioni, na alipenda kutuita wadogo zake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuwekea kadi mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa mpya, ndani ya boksi lake, fupi, ina feni moja ndogo kama kisahani cha chai. Ya pili ilikuwa imetumika, ndefu kama mkono kutoka kiwiko mpaka kidoleni, feni mbili, mabomba ya shaba yanang'aa, memori mara mbili ya ile. Daftari langu lote lilisema chukua ndogo. Ndogo ilikuwa inautosha ule mchezo na kubaki, na chenji ingerudi. Lakini Gida alizishika zote mbili, moja kila mkono, akazipima uzito kama mtu anayechagua mbuzi. "Hii imekonda," akasema kuhusu ile ndogo. Kisha akaanza kuulizia ile kubwa, hasa kama wanavyoulizia ng'ombe mnadani.

"Ni ya nani?"

"Ya jamaa yangu mmoja wa Arusha," Festo akajibu.

"Kwa nini anauza?"

"Amenunua kubwa kuliko hiyo."

"Haijaumwa?"

Festo akacheka mpaka kalamu ikaanguka. "Haijaumwa hata mafua, mdogo wangu. Naapa." Na Gida, ambaye kwao mtu akiulizwa hivyo mbele ya shahidi akaficha ugonjwa wa mnyama wake ni aibu ya ukoo mzima, aliona neno hilo linatosha. Akaiinua mpaka puani, kama wanavyonusa pumzi ya ng'ombe, akakunja uso. "Zai, mbona inanukia mkate?" Na mimi, mpumbavu mimi, nikamjibu, "Ni mimi huyo. Si unajua ninapolala?" Tukacheka wote watatu. Festo alicheka kutuzidi. Kicheko hicho nakisikia mpaka leo nikiwa naosha vyombo, na sahani naiweka chini kwa kishindo. Na niseme ukweli wote, kwa kuwa namsema mwenzangu: mimi pia niliitaka ile kubwa. Nilitaka vijana waione kupitia ubavu wa kompyuta washangae. Daftari nilikuwa nalo kwapani na sikulifungua.

Tukailipia kwa fedha zote za mtamba, na ilifanya kazi wiki mbili na siku chache. Lo, wiki mbili zile! Uwanja ukaja wa kijani, nyasi zikahesabika, wachezaji wakapata vichwa, nywele na jasho. Vijana walijaa mpaka dirishani, wengine wamekuja tu kuangalia wenzao. Gida alikaa mlangoni na fimbo yake magotini, anawapanga foleni kama ndama wanaosubiri kunyonya, anawatania: "Wewe umefungwa tano, toka ukanywe maji." Mchana tulikula mkate wa jana na maziwa mgando aliyoletewa na dada yake, tukapanga rangi ya mtamba atakayenunua. Alitaka mwekundu tena. Kisha siku moja, mchezo umefika dakika za mwisho, skrini ikajaa mistari ya zambarau, ikatetemeka, ikazima. Tulipowasha tena, haikuleta hata mizimu.

Tukamrudia Festo na kadi mkononi. Hakuipokea hata kuitazama. "Mmeiunguza wenyewe," akasema. "Umeme wa Katesh mnaujua, unakuja kama mafuriko. Mimi niliwauzia kitu kizima." Nikabisha, nikapandisha sauti, nikasahau kwamba ni mtu wa kuamkiwa shikamoo. Akanipuuza, akamgeukia Gida. "Na wewe, rudi kwa ng'ombe wako, ndugu yangu. Huku si malishoni." Dukani kulikuwa na wateja, wakacheka. Gida alichukua fimbo yake pale mlangoni, akatoka. Nilimfuata mpaka barabarani namwita, hakugeuka. Baada ya siku nne nikasikia yuko Yaeda Chini, anachunga ng'ombe wa watu kwa ujira. Gida, mwenye mtamba wa jino, anachunga ng'ombe wa watu! Nililia jioni ile mpaka shangazi akadhani nimefiwa.

Alinipakulia makande, nikamsimulia, nikaitupa ile kadi mezani karibu na kibakuli cha chumvi. Shangazi akaisogeza karibu na taa ya ukutani. Akaigeuza. Akakwangua kitu kwa ukucha pale pembeni ya feni, akakitia mdomoni. "Hii si ile ya Festo?" akasema. "Hili ni andazi langu. Aliniletea hii niikaushe, eti imeingia unyevu. Alizitoa feni, akaifunga kwenye karatasi ya fedha, ile ya kufunikia vyakula, mimi nikamwekea moto wa skonsi." Nilijua maana yake, nilikuwa nimesoma kulekule Babati: kadi iliyokufa ukiioka, risasi iliyounganisha vipande vyake inayeyuka kidogo, inashikana, inafufuka wiki mbili tatu, kisha inakufa moja kwa moja. Alituuzia maiti. Aliitoa kwenye tanuri lililoegemea ukuta wangu, akaapa haijaumwa mafua, akanicheka niliposema harufu ni yangu. Shangazi aliona uso wangu. "Zaituni, nakuomba. Festo ananunua mikate kumi kila siku ya Mungu. Usiniharibie." Nikamwambia, "Nimekusikia, shangazi." Nilikuwa nimemsikia kweli.

Siku ya mnada ilipofika nikavaa gauni langu jekundu, nikaenda moja kwa moja kwa yule mzee anayetangaza. Mnadani kwetu mtu aliyepotelewa na mnyama hupewa kipaza sauti: anataja rangi, alama, na alipoonekana mara ya mwisho, na watu wote hunyamaza kusikiliza, kwa sababu kesho atapotea wa kwao. Nikamwambia mzee nimepotelewa na mtamba. Akanipa. "Ndugu zangu," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye spika zote nne, "natangaza kupotea kwa mtamba. Mwekundu, doa jeupe paja la kushoto. Ni mtamba wa jino, wa kijana wa Dirma." Hapo wachungaji wote wakageuka. Mtamba wa jino si jambo la mchezo. "Ameonekana mara ya mwisho akiingia duka la fundi Festo, hapo barabarani. Ameingia na miguu minne, ametoka akiwa hiki." Nikainua kadi juu. "Fundi aliapa ni kizima. Kilikuwa kimekufa, akakioka kwenye tanuri la shangazi yangu, kwenye sinia la maandazi, moto wa skonsi. Mwenye redio aliyoinunua kwa fundi Festo, akainuse. Mwenye simu, akainuse. Na mkimwona, msimwite fundi tena. Mwiteni Mkate."

Watu wakaangua kicheko, ng'ombe wakashtuka, vumbi likapanda. Nilisikia utamu ambao sijausikia tena maishani, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo. Wazee kumi na wawili wafugaji waliacha ng'ombe wao, wakaenda mpaka barazani kwa Festo, wakasimama na fimbo zao. Hawakumgusa wala kumwambia neno. Walimtazama tu, wakaondoka. Kabla jua halijazama watoto walikuwa wanapita dukani wanapiga kelele, "Mkate! Mkate wa moto!" Mwaka haujaisha akafunga duka. Shangazi naye alilipia, siwezi kuficha. Watu walianza kuulizana ni vitu gani vingine vilipita kwenye tanuri lile, na mikate ikawa inalala. Alinisemesha mara chache sana miezi ile. Nilihamia Babati nikaanza kutengeneza kompyuta za watu, na kila kadi iliyotumika namweleza mteja ugonjwa wake wote kabla hajatia mkono mfukoni. Nilipokutana na Festo, amekuwa mkulima huko Balangdalalu, nilimwahi: "Habari, Mkate." Naye alinijibu kila mara, "Nzuri, mdogo wangu." Hakuwahi kunijibu vingine.

Sasa turudi msibani. Nilipokuwa nimefura pale na mkoba wangu mapajani, mtu akaja akakaa kiti cha pembeni. Gida, kichwa kimejaa mvi, koti juu ya shuka. Tulikuwa tunaonana mara mojamoja, misibani na harusini, tunaulizana afya tunaachana. Nilijua alisharudi kwao Dirma zamani na ana zizi kubwa. Nikamnong'oneza, "Umesikia huo uongo? Eti ukarimu!"

"Nimesikia," akasema. "Nimeuandika mimi. Familia ilikuja kuniuliza jina lilitoka wapi."

Nikafungua mkoba, nikafunua leso nimwonyeshe kadi. Aliigusa feni moja kwa kidole, ikazunguka kidogo. "Unayo mpaka leo," akasema. Kisha akanieleza, polepole, huku watu wanaimba. Mwaka uleule, mvua zilipoanza, Festo alikwenda Yaeda Chini kwa miguu. Alikuwa ameshika kamba, na kwenye kamba kuna mtamba mwekundu, doa jeupe paja la kushoto. Aliuza vitu vya duka, akamtafuta aliyemnunua mnadani, akamfuata mpaka akamrudisha yuleyule. Alitembea na Gida kutoka huko mpaka Dirma, akasimama mbele ya baba yake, akasema yeye ndiye mwenye kosa. "Nusu ya ng'ombe wangu leo ni uzao wa yule mtamba," Gida akasema.

"Na mimi?" Sauti ilinitoka kubwa, watu wakageuka. "Mbona hakuja kwangu?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema, Zaituni hanidai, alishajilipa."

"Na wewe? Miaka yote hii unanisikia namwita Mkate, unanyamaza?"

Gida alifunika kadi kwa leso, taratibu, akanirudishia mkobani. "Zai, hukuwahi kuniuliza nilirudije nyumbani."

Nilitaka kubisha. Nikatafuta, nikapekua kichwa changu mwaka hadi mwaka, kila harusi na kila msiba tuliokutana. Sikuipata hata siku moja niliyomuuliza. Watu walisimama kwenda kutupia udongo, nikasimama nao, nikatupia udongo mtupu, mkono mmoja, nikarudi kukaa. Bado nilikuwa na hasira na Festo, tena nyingi kuliko nilizokuja nazo, maana sasa sikuwa na pa kuziweka. Mjane wake alipita na sinia la mikate na birika, akaniinamia na kuniuliza kwa upole, "Na wewe, dada, ulimfahamu vipi marehemu?" Gida alikuwa ananitazama. Nikachukua kipande kimoja.

"Alikuwa ananunua mikate kwa shangazi yangu," nikamwambia. "Mikate kumi, kila siku."